Hapana, Kamanda

Nyinyi mnaovuka daraja la Garsen kwa pikipiki bila hata kutazama chini, kaeni nami kidogo. Mto huo mnaouona siku hizi kama maji ya kumwagilia mpunga tu ulikuwa barabara yetu, na mimi Komora nilikuwa dereva wake. Nilianza kama rubani wa motaboti, nikawa nahodha, nikamalizia msimamizi wa pantoni, mpaka walipojenga daraja wakaniambia nikapumzike. Sijawahi kuzamisha chombo. Sijawahi kupoteza abiria, hata kuku wa abiria. Nimekwama mara mbili tu katika maisha yangu yote ya kazi, na hizo ndizo nitakazowasimulia, maana siku nilizofanya kazi vizuri hazina hadithi.

Ya kwanza huisimulia kila nikialikwa harusini. Ya pili hata mama watoto hajaisikia.

Siwezi kusimulia hata moja bila Kamanda. Alikuja Tana miaka ya hamsini, Mfaransa mrefu aliyekonda, mwenye masikio makubwa na kofia nyeupe aliyoifua mwenyewe kila Jumapili. Alikuwa kamanda wa manowari huko kwao, si wa motaboti ya mtoni yenye mashine inayokohoa. Serikali ya wakati ule ilimwajiri apime kina cha mto kutoka Garsen hadi baharini, na wakati huo huo avute tishali la kubebea mpunga na watu. Jina lake lilikuwa na herufi nyingi zisizotamkwa, tukaona tusihangaike. Tulimwita Kamanda, naye alituitikia.

Kiswahili alikijua kabla hajafika. Alikipata kwa mabaharia Wangazija alipokuwa akifanya kazi kule kisiwa kikubwa cha Bukini, hivyo alisema maneno mazuri kwa lafudhi ya mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Nishani zake za vita alizitia ndani ya kopo la biskuti, pamoja na sindano na uzi. Siku moja nilimwomba kifungo cha shati, akanimwagia kopo lote mezani, nikachagua kifungo katikati ya nishani.

Tulikuwa watatu chomboni. Kamanda alishika usukani. Athumani wa Kau alikuwa fundi mashine, Mswahili wa mwambao hasa, mtu wa maneno mengi na grisi nyingi. Mimi nilisimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Upondo ule niliuchoma pete kwa chuma cha moto, pete moja kila dhiraa, nikawa nauchovya majini na kupaza sauti: tatu, tatu, mbili na nusu. Motaboti yetu ilihitaji dhiraa mbili ili ipite. Chini ya hapo, mnashuka kusukuma.

Lakini kupima kwa upondo ni kazi ya mtu yeyote mwenye mikono. Rubani anapima kwa macho kabla upondo haujafika. Povu likienda mstari mmoja, lifuate, kina kiko huko. Maji yanayotulia na kung'aa katikati ya mto usiyaamini hata kidogo, chini yake kuna fungu la mchanga. Yangeyange, yule ndege mweupe, akisimama ukamwona magoti, geuza. Na kiboko hajui kudanganya: akitembea mgongo nje, wewe hupiti. Haya nilifundishwa na marehemu baba, aliyejifunza kwa babake, na hakuna aliyeyaandika popote. Kamanda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaandika. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila nilichosema alikitia humo pamoja na tarehe na saa.

Sasa ile mara ya kwanza.

Kwetu sisi Wapokomo nililelewa hivi: mkubwa akikaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza, mdogo aliye mbele hamkosoi. Akiona kosa hunyamaza mpaka wafike ukingoni, kisha hulisema taratibu, tena kwa kuzunguka, ili mkubwa asiaibike mbele ya watu. Ndiyo adabu. Katika mtumbwi haina madhara makubwa, mnashuka tu mnauinua.

Tulikuwa tunateremka chini kidogo ya Ngao, tishali limejaa mpunga. Kamanda aliichukua kona kwa upande wa ndani, moja kwa moja kwenye maji yanayong'aa. Niliona. Niliona mapema kabisa, mngekuwa na muda wa kunywa chai. Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, ameendesha manowari, mimi ni nani? Nikaendelea kuita: tatu, mbili na nusu, mbili. Tena niliita kwa sauti ya upole, nisije nikamuudhi. Halafu motaboti ikapanda fungu, na tishali likaja nyuma yake kwa uzito wa magunia yote yale, likatusukuma tukazama mchangani barabara.

Tulikaa pale siku nne. Kila asubuhi alipita Guyo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake karibu na hapo. Alituletea maziwa kwenye kibuyu, na pamoja na maziwa alileta kejeli.

"Meli ya serikali nalala tu," alisema akimpungia Kamanda fimbo. "Ng'ombe yangu mzee akiingia tope, mimi navuta mkia. Nyinyi mkia yenu iko wapi?"

Mimi nilingoja kufukuzwa kazi. Siku ya pili Kamanda aliketi kando yangu mchangani, akavua viatu, akaniuliza, "Rubani, uliona?"

Nikasema niliona.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu, Kamanda."

Alichora mistari mchangani kwa kidole cha mguu. Kisha akanieleza maisha yake, na sijui kama aliwahi kumweleza mtu mwingine. Alizaliwa katika kijiji cha wavuvi, kwenye pwani yenye miamba na ukungu, mahali ambapo bahari ikipwa unaweza kutembea nusu siku bila kuifikia. Babake alifia majini. Yeye akaingia jeshi la majini akiwa kijana, akasoma, akawa luteni. Nahodha wake wa kwanza alikuwa mtu maarufu, wote wakimwogopa na kumpenda. Siku moja waliingia bandarini katika ukungu, na luteni huyu alikuwa mbele akiangalia wanaotupa bildi ya kupimia kina. Akaona povu la mwamba. Nahodha alikuwa ameshatoa amri, na amri ya nahodha yule haikupata kukosolewa. Luteni akanyamaza. "Muda wa Baba Yetu moja," aliniambia, kwa kuwa alijua mimi ni Mkristo. Meli ikapiga mwamba, na mabaharia waliokuwa chini hawakutoka. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yao.

Baraza la uchunguzi halikumwona na hatia. Hakuna aliyejua kwamba aliona. Walimpandisha cheo. Akaongoza meli za kutegua mabomu ya baharini, kisha manowari, akapewa nishani moja baada ya nyingine. Vita vikaja, nchi yake ikagawanyika, makamanda wenzake, wengine wakafuata huku na wengine kule, na yeye akachagua upande akapigana mpaka mwisho. "Kila waliponifunga nishani," alisema, "nilimwona yule mtoto wa jirani." Alipostaafu hakuweza kurudi kijijini akapitane na mama wa mtoto yule kanisani.

Nilimhurumia, nawaambia kweli. Mpaka siku hiyo nilidhani mtu mwenye nishani hana anachojutia.

Akasimama, akajipangusa mchanga, akawa kamanda tena. "Kuanzia leo," akasema, "kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa utasimama mbele yangu na kusema mara tatu: Hapana, Kamanda."

Mtacheka, lakini kazi hiyo ilinishinda karibu mwezi mzima. Asubuhi ya kwanza niliisema nikitazama maji. Akasema nirudie nikimtazama yeye. Nikamtazama kofia. Akataka macho. Sauti ikanitoka kama ya mgonjwa. Athumani alikuwa akitoa kichwa kwenye tundu la mashine akifa kwa kicheko.

"Wewe Komora, waposa au wakataa?" aliniuliza. "Mtu akisikia sauti hiyo ataleta mahari!"

Polepole nikaizoea. Ikawa kama kunawa uso: naamka, nasimama, hapana Kamanda, hapana Kamanda, hapana Kamanda, kisha tunakunywa kahawa. Mtoni kwenyewe sikuhitaji kuitumia, kwa sababu Kamanda hakurudia kosa na mimi nilisema mapema. Tukafanya kazi hivyo misimu kadhaa, daftari likajaa, akanunua lingine.

Halafu yakaja mafuriko.

Mto ulivunja kingo, ukaingia mashambani. Watu wa Chara, kijiji chetu, walibaki kwenye kamwinuko kadogo pamoja na mbuzi na nyoka, na maji yakiwazunguka pande zote. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Tuliteremka kuwachukua tukiwa na tishali tupu. Kule njiani Kamanda alikata kona moja kubwa ya mto kwa kupita juu ya mashamba yaliyofunikwa, mahali maji yalipotulia. Nilipima nikapata dhiraa tano. Akaandika. Tukaokoa nusu ya safari.

Tulilala Chara. Kamanda aliamka na homa, macho mekundu, jasho likimtiririka, lakini hakukubali kukaa chini. Tukawapakia watu wote kwenye tishali: wanawake, watoto, wazee, vyungu, mikeka. Mama alikaa mbele kabisa ya tishali ili anione. Tukaanza kupanda kuelekea Garsen, mkondo ukitusukuma kifuani, mashine ikilia. Athumani akatoa kichwa akasema mafuta yanakwisha upesi kuliko alivyotarajia.

Tukafika kwenye ile kona. Kamanda akageuza usukani kuelekea mashambani.

Shamba lile nililijua. Lilikuwa la mjomba wangu, na miti yake niliiangusha mimi mwenyewe kwa shoka. Na kwetu tukifyeka shamba hatung'oi visiki. Tunakata mti usawa wa kifua, ambapo shoka linaingia vizuri, tunakiacha kisiki kioze chenyewe na tunapanda mahindi katikati yake. Jana tulipita juu ya visiki vyote kwa raha. Lakini leo nilitazama mikuyu iliyokuwa pembeni, nikaona mkanda wa tope bichi kwenye shina, juu ya maji, upana wa dhiraa mbili nzima. Maji yalikuwa yameshuka wakati tumelala. Visiki vile sasa vilikuwa chini ya uso wa maji kidogo tu, vikali kama nilivyoviacha, na nyuma yangu kulikuwa na tishali la mbao lenye watu wa kijiji changu. Mamba walikuwa wengi mwaka ule.

Nikageuka. "Hapana, Kamanda."

"Nilipita hapa," akajibu. "Dhiraa tano. Imeandikwa."

"Imeandikwa jana, Kamanda. Maji yameshuka. Kuna visiki."

"Nani kamanda wa chombo hiki?"

"Ni wewe."

"Basi tazama mbele unyamaze!"

Hakuwahi kuniambia vile. Na hapo, kutoka nyuma, mama yangu mzazi akasimama katikati ya watu akanipigia kelele kwa Kipokomo, kila mtu akisikia: hivi ndivyo alivyonilea, nibishane na mtu mzima mbele ya watoto? Alikuwa anasafiri kwenda kupasuliwa tishali chini ya miguu yake, na kilichomuuma ni adabu yangu.

Nikawa katikati ya wakubwa wawili, na mara hii sikuwa na ukingo wa kusubiri. Nikapaza sauti: "Athumani! Zima!"

Athumani akanitazama mimi, akamtazama Kamanda. Mashine ikanyamaza. Kisha nikamsikia kutoka ndani ya tundu: "Nizimiye. Ikiwa ni makosa, ni yetu wawili."

Tukasimama juu ya maji, kimya, mkondo ukianza kuturudisha nyuma pole pole kuelekea mtoni. Kamanda alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga. Nikamtazama machoni, kama alivyonifundisha, nikaona uso wake unabadilika, jinsi mtu anavyoamka akakuta hayupo alipodhani yupo.

"Rudia," akasema.

"Hapana, Kamanda."

"Rudia."

"Hapana, Kamanda!"

Akaachia usukani, akapita ukingoni mwa chombo akijishikilia, akaja mbele nilipokuwa. Akautwaa upondo mikononi mwangu. "Shika usukani," akasema, "Athumani, washa." Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuongoza chombo kile, nikiwa na kijiji kizima nyuma na mama yangu amenigeuzia mgongo.

Niliizunguka kona nzima kwa njia ndefu. Mafuta yalituishia tukiiona Garsen, tukamalizia kwa pondo na kamba, wanaume wa tishali wakivuta kutoka ukingoni. Hakuna aliyelowa zaidi ya magoti. Kamanda alipima njia nzima na homa yake, akiita dhiraa kwa lafudhi yake, na hakuketi mpaka mtoto wa mwisho aliposhuka.

Mama hakunisemesha. Kesho yake alichinja kuku, akampika, akampelekea Kamanda kitandani kumwomba radhi kwa utovu wa adabu wa mwanawe. Kamanda alimla kuku huyo mpaka mifupa. Kisha akamwambia, "Mama, mwanao hana adabu kabisa. Ndiyo sababu uko hai." Mama akanitazama nikitafsiri. Alinitaka niape kwamba sijaongeza maneno yangu.

Maji yalipopungua zaidi tulipita karibu na shamba la mjomba. Visiki vilikuwa vimetoa vichwa, vimejipanga mstari kwa mstari, kisiki kwa kisiki. Kamanda alivua kofia. Jioni ile aliandika barua kwa wakuu wake kwamba akiondoka, chombo apewe Komora, asitafutwe mtu mwingine. Wakati ule mtu wa kwetu kupewa usukani wa chombo cha serikali halikuwa jambo la kawaida, na nawaambia bila haya yoyote kwamba nilistahili.

Sasa ile ya pili. Nimeificha muda wa kutosha.

Kamanda alimaliza upimaji wake, akataka kurudi kwao. Alikuwa ameamua kwenda kumwona mama wa yule mtoto wa jirani, kama bado anaishi. Tulimteremsha hadi Kipini akapande chombo. Mimi nilikuwa kwenye usukani, shati jeupe, vifungo vyote, kimojawapo kile cha kwenye kopo la biskuti. Yeye alikataa kuketi kama abiria. Alichukua upondo wangu akasimama mbele, mzee mwenye masikio makubwa, akawa anaita: tatu, tatu, mbili na nusu.

Karibu na Kau, pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka, akageuka. "Hapana, nahodha."

Mahali pale nilikuwa nimepita mara nyingi kuliko ningeweza kuhesabu. Nikamwambia kwa upole wote, "Endelea kupima tu, Kamanda."

Athumani akatoa kichwa. "Wee! Mzee amekwambia hapana!"

"Na wewe angalia mashine yako," nikasema.

Tukapanda fungu kwa mwendo kamili. Maji yalikuwa yanapwa, kwa hiyo tulipwelewa pale pale, chombo kikalala ubavu, na watu wa Kau wakatoka majumbani kwao kuja kumtazama nahodha mpya. Athumani alizaliwa kijiji hicho. Alimjulisha kila aliyepita kwamba yeye hayumo.

Kamanda alishuka, akavua viatu, akaketi mchangani akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Nikaenda kuketi kando yake. Nilitamani fungu linimeze.

"Ulinisikia?" akaniuliza.

"Nilikusikia, Kamanda."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Akatikisa kichwa. "Na mimi siku ile shambani. Nilikusikia vizuri mara ya kwanza kabisa. Haikuwa homa."

Tukakaa tukingoja maji yajae. Tukaachana siku ile ile Kipini, na sikumwona tena.

Ndiyo maana nimewaita, wanangu. Nyinyi mkituona wazazi wenu, walimu wenu, wakubwa wenu wa kazi, tunaelekea kwenye maji yanayong'aa, mnasema mara moja tu, sisi tunakaza uso, nanyi mnaondoka mkiambiana kwamba mzee hasikii. Masikio yetu ni mazima. Tumewasikia mara ya kwanza. Semeni ya pili.